Pedi ya Bwana Dakika

Mara ya tatu mwanamke yule alipoulegeza mkono wake juu ya kaunta kama mkono wa maiti, mwenye duka aliacha kutafuna.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana. Nisubiri kidogo."

Alikuwa ameulaza mkono wa kulia juu ya pedi ya kipanya, kiganja kimebonyea, kifundo kimelegea, vidole vitatu vimekufa kabisa. Viwili tu ndivyo alivyoviacha hai, cha shahada na cha kati, na kwa hivyo viwili alikuwa akijaribu kukisukuma kipanya cha kompyuta kiende mbele. Kilisogea upana wa kifungo cha shati, kikakwama. Akajaribu kukirudisha nyuma. Pedi ilikishika kama mtoto aliyeng'ang'ania nguo ya mamaye.

"Hii nayo ina ukaidi," alisema. "Nipe nyingine."

"Zimebaki mbili tu."

"Nipe zote mbili."

Mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Waya kwa ajili ya nyaya zilizoning'inia dukani mwake kama mizizi, alipangusa vidole kwenye suruali akageukia rafu. Alikuwa amekwisha kumtolea nne. Moja ilikuwa ngumu na laini kama sahani, ikateleza mno, kipanya kikakimbia. Moja ilikuwa na mto wa kulalia kifundo cha mkono, na mwanamke aliukataa mara tu alipoubonyeza: mkono usio na nguvu hauwezi kupanda kilima. Moja ilikuwa pana kuliko meza. Sasa akaweka nyingine mbele yake, yenye picha ya paka wa manjano aliyetoa ulimi.

"Hii wanaipenda sana," alisema. "Paka chini, kipanya juu. Dunia imegeuka!"

Mwanamke hakucheka. Alitazama saa ya ukutani, juu ya kichwa cha Bwana Waya. Ilionyesha saa saba na dakika kumi, lakini ilikuwa ikichelewa. Alijua kwa mlio wake tu, maana miaka ishirini na sita ya kulala kitanda kimoja na fundi saa humfundisha mtu. Gari la hospitali lilikuwa lije saa tisa.

Yeye mwenyewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na mumewe alikuwa fundi saa. Waliitana "fundi mwenzangu," kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea, mwishowe kwa sababu hawakujaliwa mtoto ambaye wangeitwa kwa jina lake. Majirani walimwita mumewe Bwana Dakika. Mtu akipita na saa iliyosimama, alimvutia kiti barazani, akabandika kioo chake jichoni, akaifungua hapo hapo. Alikuwa na mikono ambayo ingeweza kumvalisha sisimizi soksi.

Kisa kilianza na skrubu. Siku moja ilimponyoka kwenye kibano, akaitafuta sakafuni huku akicheka. Siku ya pili zilimponyoka tatu. Kabla ya mwaka kwisha, mikono ilikuwa imelala, miguu imelala, na daktari alikuwa amewaeleza jina refu la ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao hauna dawa. Halafu sauti ikaondoka, si kwa ghafla, bali kama mtu anayetembea akizungumza hadi asisikike tena. Mwanamke hakumbuki neno la mwisho alilomsikia akilitamka. Jambo hilo humkosesha usingizi. Hakujua kuwa lilikuwa la mwisho, kwa hiyo hakuliweka.

Vilivyobaki ni vidole viwili vya mkono wa kulia. Dada anayewafanyisha wagonjwa mazoezi pale hospitali aliwaazima kompyuta kuukuu, yenye herufi zilizopangwa kwenye skrini. Mgonjwa anasogeza kipanya, mshale unasogea, anabonyeza herufi moja, halafu nyingine. Kwa njia hiyo Bwana Dakika alikuwa amesema maneno machache katika majuma matatu: MAJI. JOTO. Na siku moja, baada ya kuhangaika kwa saa nzima, CHUMVI IMEZIDI. Mwanamke alicheka siku hiyo mpaka akalia.

Ila juma hili mapafu nayo yalianza kuchoka. Daktari aliwakalisha chini, yeye na shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, akawaambia mambo mawili bila kuyapamba. Mgonjwa akipelekwa hospitali kuu atatobolewa koo, awekewe mashine ya kumpumulia. Huenda akaishi mwaka, huenda miaka, lakini wodini, na nyumbani hatarudi. Akibaki nyumbani, ni majuma.

"Siwezi kuchukua neno la ndugu," daktari alisema. "Wala la mke. Nataka neno lake mwenyewe. Kesho gari litakuja saa tisa. Akikubali, aje. Akikataa, litarudi tupu."

Na neno lake lilikuwa limekwama kwenye trei ya kipanya.

Asubuhi ya siku ya gari shemeji alivuta kigoda mbele ya kiti cha mgonjwa. Yeye ndiye aliyemlea mdogo wake tangu wazazi wao walipofariki, akamlipia karo kwa kubeba magunia, na mpaka leo humwita "mtoto" mbele za watu.

"Mdogo wangu, unaenda au unabaki? Sema mwenyewe."

Vidole viwili vikaanza kusukuma. Kipanya kilikuwa juu ya trei ya chuma iliyowekwa kwenye mikono ya kiti, chuma kinachong'aa mpaka unaona uso wako, na mshale ulirukaruka kwenye skrini kama panzi. Ulikwenda, ukarudi, ukapotea pembeni, ukatokea juu. Ilichukua nusu saa. Jasho lilimtoka Bwana Dakika puani. Mwishowe kwenye skrini palisomeka: NIPELEKWE.

Shemeji alipiga makofi. "Kasema! Alhamdu, kasema!"

"Hajasema," mwanamke alijibu. "Mshale uliruka. Baada ya I uliruka, hukuona?"

"Uliruka ukaenda wapi?"

"Alikuwa akilenga S. Anataka kusema nisipelekwe."

"Wewe ndiye unayetaka kusema nisipelekwe."

"Silabi moja, shemeji! Si. Silabi moja tu imeanguka!"

Walimwambia akonyeze: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Lakini kope zake nazo zilikuwa hazimsikii tena, zilijifumba na kujifumbua zitakavyo. Shemeji alihesabu mara moja. Mwanamke alihesabu mara mbili.

"Unataka afe mikononi mwako ndipo uridhike?" shemeji akasema.

"Na wewe unataka akafie kwenye nyaya, mbali na sisi, ndipo uridhike?"

Chozi lilimtiririka Bwana Dakika kwenye shavu la kushoto. Wote wawili walinyoosha mikono kulifuta kwa wakati mmoja, mikono yao ikagongana hewani.

Mwanamke alijaribu kila kitu. Aliweka karatasi chini ya kipanya. Ikaondoka pamoja nacho. Aliweka kipande cha boksi, kikakwaruza. Alikunja kitambaa cha sare, akakibana na pini, kikajikunja. Alimpigia simu dada wa mazoezi, naye akamwambia: "Mama, kipanya kinaona kwa kile kitaa chekundu cha chini. Juu ya kitu kinachong'aa ni kama kipofu. Mtafutie pedi, lakini iwe nyepesi kwa mkono wake. Mkono ule hauna muda."

Hauna muda. Ndiyo maana alikuwa hapa, kwenye duka la nne, akiwa bado amevaa kanda ya kupimia shingoni.

Paka wa manjano naye alikuwa mkaidi. Pedi ya mwisho, nyeusi, ilikuwa mkaidi zaidi. Mwanamke aliinua mkono wake, akaukunjua, akautazama kana kwamba ndio wenye kosa. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo. Duka la tano lilikuwa upande wa pili wa mji. Akienda, hatawahi. Asipoenda, atarudi nyumbani mikono mitupu, na gari litakuja, na neno lenye tundu katikati litambeba mumewe.

"Mama," Bwana Waya alisema, sasa kwa sauti ya chini, "niambie basi. Ni ya nani hii pedi?"

Aliuliza huku akifungua jambo fulani kwenye kompyuta yake mwenyewe, bila kutazama, kwa kidole kimoja. Na ni kidole hicho mwanamke alichokiona. Kipanya cha Bwana Waya kilikwenda huku na huku chini yake kama samaki majini.

"Hiyo," alisema.

"Ipi?"

"Hiyo iliyo chini ya kipanya chako."

Bwana Waya alitazama chini kwa mshangao. Ilikuwa pedi ya kijivu, ama rangi iliyogeuka kuwa kijivu, yenye duara la chai pembeni. "Hii? Hii haiuzwi, mama. Hii ni takataka. Ilikuwa na picha ya maporomoko ya maji nilipofungua duka. Maji yenyewe yameshakauka."

"Nipe niishike."

Aliipokea, akaipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, kama anavyofanya sokoni anapochagua kitambaa kwa vidole, ili macho yasipate nafasi ya kudanganywa na rangi. Nyuzi zilikuwa zimelala zote upande mmoja. Akaelewa kosa lake, akajionea haya, yeye aliyeshona maisha yake yote. Nguo mpya ina wanga. Inakwaruza shingo ya mtoto, haikunjiki, haisikii. Nguo iliyovaliwa na kufuliwa miaka kumi humfuata mtu. Hakuna duka linalouza nguo iliyofuliwa miaka kumi.

Aliiweka kaunta. Akaufisha mkono wake kwa mara ya mwisho. Vidole viwili vikasukuma, na kipanya kikaenda: upana wa kifungo, upana wa vifungo viwili, vitatu. Kikasimama aliposimama. Kikarudi aliporudi.

"Niuzie."

"Nikuuzie uchafu wangu? Watu watanionaje?"

"Kuna mtu nyumbani ana vidole viwili," mwanamke alisema, "na hivyo viwili havimalizi mwezi. Kuna neno anataka kulisema kabla ya saa tisa."

Bwana Waya alikisogeza kipanya chake kando. Alikipangusa kile kipande cha kijivu kwa pindo la shati lake, pande zote mbili, taratibu, kama mtu anayemfuta uso mgonjwa. Mwanamke akalipia yule paka wa manjano, akamwacha pale pale kaunta, achukue nafasi ya ile ya kijivu.

"Nenda, mama," alisema Bwana Waya. "Kimbia."

Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, kanda ya kupimia ikimpiga kifuani, ameshika pedi kama mtu aliyeshika barua. Watu walimpisha. Njiani alikuwa anajua tayari kitakachoandikwa. Alikiona, herufi nyeupe kwenye skrini nyeusi, S na I zimekaa mahali pao. Alikuwa amekwisha kumchagulia shemeji maneno. *Umeona? Umeona sasa?* Aliyarudiarudia mpaka akajikuta ana furaha, na furaha ile ilimtisha, kwa sababu ilikuwa furaha ya kumwona mumewe akichagua kufa karibu naye.

Alipofika, mkoba ulikuwa tayari mlangoni. Shemeji alikuwa amemnyoa mdogo wake ndevu, amempaka mafuta, amemvalisha shati jeupe. Vifungo alikuwa amevikosea, upande mmoja wa kola umepanda juu kuliko mwingine. Mikono ya kubeba magunia haijui vifungo.

"Hata akienda," alisema bila kugeuka, "asiende kama yatima."

Mwanamke alimpita. Aliiweka pedi juu ya trei, na mpira wa chini ukashika chuma. Akauinua mkono wa mumewe, mwepesi kama glavu, akaulaza juu ya kipanya, akakipanga kidole cha shahada, akakipanga cha kati.

"Haya, fundi mwenzangu. Chukua muda wako."

Mshale ulitikisika. Halafu ukaondoka, ukapita juu ya skrini kwa mstari ulionyooka. Bwana Dakika alivuta pumzi kwa nguvu, na macho yake yakapanuka. Kwa muda alikuwa akicheza tu, juu, chini, kushoto, kama mtu aliyerudishiwa chombo chake cha kazi.

"Neno la asubuhi bado lipo," mwanamke alisema. "Lifute. Uanze upya, uliandike vizuri."

Mshale haukwenda kwenye kufuta. Ulikwenda mwisho wa neno, ukaweka nafasi.

Mwanamke alisogeza uso karibu na skrini.

U, mshale ukaandika. P. U.

Shemeji alianza kusoma kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. "U... pu... upum..." Kisha akanyamaza, na herufi zilizobaki zikaja peke yake, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja.

NIPELEKWE UPUMZIKE.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Nani?" mwanamke aliuliza. "Nani apumzike?" Alijua. "Nani kakwambia nimechoka? Umesikia mimi nikisema nimechoka? Hata siku moja?"

Vidole viwili vilipumzika, vikaanza tena. Hii ilichukua muda mrefu zaidi.

UNASHONA UMELALA.

Mwanamke aliuficha mkono wake wa kushoto nyuma ya gauni, lakini alikuwa amechelewa kwa siku tisa. Kidole kilichofungwa kitambaa, alimwambia mumewe kilikatwa na kisu. Ilikuwa sindano ya cherehani. Ilipita kwenye ukucha ikatokea upande wa pili kabla hajafumbua macho. Hakupiga kelele, ili asimwamshe. Naye kumbe alikuwa macho kwenye kiti chake, akitazama, hana sauti ya kumwambia *amka*.

Alipiga magoti sakafuni, katikati ya vipande vya nyuzi.

"Nimezunguka maduka manne," alisema, na sauti yake ilikuwa ya hasira, kwa sababu sauti nyingine ingemwangusha. "Nimeomba pedi ya mtu kama ombaomba. Ili uje unipumzishe? Nikapumzike wapi? Kwenye kitanda kile? Nikisikiliza nini?"

Kifua cha Bwana Dakika kilipanda na kushuka, kwa kazi.

"Sikiliza," mwanamke akasema, taratibu sasa. "Niondoe mimi. Mwondoe na kaka yako. Fanya kama nyumba hii haina mtu, uko peke yako na mtu hadai kitu kwako. Wewe, mwili huu ni wako, pumzi hii ni yako. Unataka nini?"

Shemeji alikuwa amesimama dirishani amewapa mgongo. "Mjibu hilo, mdogo wangu," alisema. "Mimi nimekubeba tangu una miaka sita. Sitaki unilipe kwa kwenda." Akagonga ukingo wa dirisha kwa ngumi, si kwa nguvu.

Mkono juu ya pedi haukusogea.

Honi ililia nje. Muuguzi aliingia akiwa na karatasi kwenye ubao wa kuandikia, nyuma yake mwanamume ameshika machela iliyokunjwa. "Tumewahi kidogo, barabara nyeupe leo, haina magari," alisema. Aliwasalimia, akamsogelea mgonjwa, akainama mbele ya skrini. Akasoma. Uso wake ulilegea.

"Haya ni maneno yake mwenyewe?"

Swali alimwelekeza shemeji, kwa kuwa ndiye mwanamume mzima aliyesimama. Yote aliyoyapigania tangu asubuhi yalikuwa pale, yameandikwa, hata daktari angeyasoma. Ingetosha aitikie kwa kichwa tu. Alimtazama mke wa mdogo wake, aliye chini sakafuni na kitambaa kidoleni.

"Ni maneno yake," mwanamke alisema. "Lakini hajamaliza."

"Mama, sentensi imekamilika hii."

"Hajamaliza, sista," alisema shemeji.

Muuguzi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Halafu akatazama trei. Kidole cha shahada kilikuwa kimeanza kutetemeka. Cha kati kikakifuata. Alisimama kidogo, akauelekea mlango, akamwambia mwenye machela: "Mwambie dereva azime injini." Akarudi, akahamisha rundo la sketi za shule kutoka kwenye kiti cha cherehani, akaliweka juu ya magoti yake, akakaa.

Nje, injini ilikoroma mara moja ikakata. Sasa ilisikika pumzi ya mgonjwa ikiingia na kutoka, na chini ya pumzi, mkwaruzo mdogo wa kipanya kwenye kitambaa kikuukuu. Mshale uliondoka kwenye herufi ya mwisho. Ulipanda polepole, mstari kwa mstari, wakiufuata wote wanne kwa macho.